Ufunguo wa Klabu: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Utamaduni, Vijana, Michezo na Ardhi Zanzibar

Waheshimiwa,

Assalaamu alaykum.

Nakuandikieni kutoka upande wa Konde, kaskazini mwa Pemba, ukishapita soko unaelekea msitu wa Ngezi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, na kwa miaka mingi nilikuwa katibu wa klabu ya hapa kwetu. Sina cheo chengine. Jambo ninaloliandikia huenda likaonekana dogo kwa anayelisikia kutoka ofisini, lakini kwetu ni kubwa. Klabu za miji midogo ya shamba zinakufa, nyingine zimeshakufa, na nyumba zao bado zimesimama na wanachama wao wengine tungali hai.

Nikisema klabu, tafadhalini msifikirie timu ya mpira peke yake. Timu ilikuwa mtoto mmoja katika nyumba yenye watoto wengi. Chini ya bati lile lile walikuwamo wapiga fidla na akordiani waliofanya mazoezi Jumatano na Jumamosi usiku, wazee wa bao na dhumna waliofika kila siku baada ya sala ya alasiri, na akina mama waliokuwa na siku yao ya nage uwanjani na siku yao ya kuimba ndani. Kulikuwa na mfuko wa msiba. Ukifiwa, klabu ilikusitiri. Ukioza mtoto, klabu ilikupigia taarabu, na wewe hukudaiwa ila wali wa wapigaji. Televisheni ilipoingia Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 70, sisi watu wa shamba tuliitazama tumejikusanya, watoto mbele wamekaa chini, wakubwa nyuma kwenye mabao, na mzungumzaji alinyamazishwa na yeyote, awe mtoto wa nani.

Ninapoandika, daftari la klabu liko mbele yangu. Ni kauntabuku lenye jalada jeusi, mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa nyavu na mvuvi mmoja wa Tumbe aliyekuwa mpiga dumbaki wetu. Nafungua popote. "Karafuu za mwaka, pishi moja kila mwanachama. Wametoa 61. Bado 9." Mstari unaofuata: "Nyuzi za fidla kutoka Unguja, seti mbili." Chini yake: "Sanda, ubani, gari ya kwenda na kurudi Chake spitali." Halafu: "Viatu vya beki wa kushoto. Atalipa kidogo kidogo." Ukurasa mmoja una doa kubwa la mafuta ya taa. Hilo ni la usiku ule karabai ilipoanguka tukihesabu michango ya familia ya kijana aliyezama katika Mkondo wa Pemba. Wale tisa ambao hawakutoa pishi zao, nimewatafuta katika kurasa za mbele. Hakuna jina lililokatwa. Mwaka ule mikarafuu ya upande wao haikushika, na kila mtu alijua.

Huo ndio ulikuwa mfumo wetu. Karafuu zilipokauka tulizikusanya, tukazipeleka pamoja kituo cha ununuzi, na fedha ile ndiyo iliyoendesha kila kitu mpaka msimu mwengine. Hatukuwa na mfadhili.

Klabu haikufa siku moja, na si haki kumtwisha lawama mtu mmoja. Kwanza ilikuja njaa ya karafuu. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zao, ilipanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza, na katika miaka ya 80 bei ikaporomoka. Pishi ile iliyokuwa ikinunua mipira na kulipa nauli ya timu mpaka mji wa Mkoani, kusini mwa Pemba, ikawa haitoshi hata nyuzi za fidla. Vijana wakaanza kuvuka bahari: Tanga, Mombasa, Dar es Salaam, wengine mpaka Oman. Wapiga ala wazuri ndio waliotangulia.

Halafu ikaja siasa. Hili naliandika kwa uzito, na naomba lisomwe hivyo. Baada ya uchaguzi wa 1995 sisi watu wa kisiwa hiki tulifika pahala pabaya. Watu hawazikani, hawaalikani harusini, duka hili la chama hiki na barza ile ya chama kile. Klabu yetu ilikuwa na wanachama wa pande zote mbili, na kwa muda ilijaribu kukaa katikati. Nakumbuka jioni moja mpiga udi na mpiga fidla wetu, watu waliokaa bega kwa bega zaidi ya miaka ishirini, waliingia kila mmoja kwa mlango wake na kukaa bila ya salamu. Mpiga udi akagonga uzi mmoja. Mpiga fidla akainamisha kichwa, akakaza kigingi, akalinganisha sauti yake na ya mwenzake, kwa sababu ala hazina budi kulingana hata kama wenyewe hawasemezani. Wakapiga nyimbo mbili, wakaweka ala zao ndani ya mifuko, wakaondoka. Sikuwaona tena pamoja. Baada ya yale mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001 mpiga fidla alikuwa miongoni mwa waliovuka kwenda Shimoni, Kenya, na aliporudi hakukaa sana duniani.

Maridhiano ya Novemba 2009, na kura ya maoni ya Julai 2010 ambapo asilimia 66.4 ya wapiga kura waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, kwetu hayakuwa habari ya redioni tu. Wiki ile ile tulifagia klabu, tukapaka chokaa, tukabadilisha bati tatu. Mpiga udi, macho yake yameshaingia ukungu, aliletwa kwa mkono na mtoto wa marehemu mwenzake. Kwa miaka mitano dhumna ikalia tena mezani, vijana wakawa na timu ya wakubwa na ya watoto, na mfuko wa msiba ukarudi. Ilitosha watu waache kuogopana, na klabu ilijifufua yenyewe. Hakuna aliyetuletea mradi.

Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, na Machi 2016 ukarudiwa, watu wakarudi kila mmoja kwenye pembe yake. Katika hali ile ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuja ikatia kufuli mlangoni. Tuliambiwa jengo ni la umma, litatunzwa mpaka hali itulie. Hali imetulia kwa rehema za Mungu. Kufuli liko pale pale.

Mwezi uliopita nilichungulia dirishani. Nilimwona kwanza buibui aliyetanda kona nzima ya ukuta wa kaskazini, halafu macho yakazoea kiza. Viti vya plastiki vilivyovunjika miguu vimepangwa juu ya meza ya dhumna. Mafaili yamefungwa kamba ya katani na kurundikwa jukwaani, pale pale alipokuwa akisimama mwimbaji. Kuna pikipiki isiyo na gurudumu la mbele. Kabati ya vikombe kioo chake kizima, ila vikombe havitambulikani kwa vumbi. Akordiani iko juu ya kabati, imefunguka, na panya wameshatoboa mivukuto yake. Akordiani ile tuliilipia misimu miwili ya karafuu.

Nyumba yenyewe ilijengwa kwa mikono. Wazee wetu walivunja mawe na kuchoma chokaa, mama zetu wakabeba mchanga na maji vichwani. Lakini zama zile kila jengo la mtaa liliandikwa ama kwa jina la chama ama la Serikali, na ardhi yote ya Zanzibar, kama mnavyojua kuliko mimi, ni mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi. Hakuna aliyewaza kutafuta hati, kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu wa Konde ataulizwa anafanya nini ndani ya klabu ya Konde. Sheria ya ardhi ya 1992 imeweka njia ya watu kupewa haki ya kutumia ardhi kwa maandishi. Njia hiyo imewafikia wenye hoteli za pwani mapema sana. Klabu za shamba haijazifikia.

Uwanja nao una kisa chake. Ijumaa moja vijana walitoka msikitini wakenda kucheza, wakakuta vigingi vya saruji vimechimbiwa, kimoja ndani ya kumi na nane kabisa, hatua chache kutoka golini. Hakuna aliyekuja kusema neno. Wamecheza hivyo hivyo wiki mbili, wakimpiga chenga beki na kigingi, mpaka mtoto mmoja akapasua goti. Sasa upande ule umezungushiwa uzio na bado hakujajengwa kitu. Wanacheza nusu uwanja.

Sisemi kwamba Serikali haijafanya kitu katika michezo. Uwanja wa Amaan, Unguja, umefunguliwa upya Desemba 2023, na Agosti 2025 umechezewa mechi za CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, mataifa makubwa yakija kwetu. Kombe la Mapinduzi la Januari 2025 lilichezwa Gombani, Chake Chake, na Zanzibar Heroes waliifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali. Nilikuwepo na wajukuu zangu wawili, tukarudi usiku sauti zimetukauka. Nashukuru, na naomba ije miaka mingi kama ule. Lakini kijana haanzii Gombani. Anaanzia pale penye kigingi cha saruji. Tazameni timu za Ligi Kuu yetu na mhesabu ngapi ni za vikosi vya Serikali na ngapi ni za uraiani. Siwalaumu vijana wanaokwenda vikosini, kule kuna mshahara na kazi ya kudumu, na mzazi gani atamzuia mwanawe? Ila timu ya mji mdogo ikishalea mchezaji na kumtoa, hairudishiwi hata mpira mmoja. Kulikuwa na wakati Jamhuri ya Wete, timu ya mji, iliiwakilisha Zanzibar katika mashindano ya Afrika. Mtu wa Wete alijua jina la mama wa kila mchezaji.

Kwa upande wa muziki hali ni hiyo hiyo. Nadi Ikhwani Safaa iliasisiwa 1905 na bado inapiga. Culture Musical Club ilianza 1958 na imefika Ulaya na kurudi. Watu husema ni ubora wa wapigaji wao, nami nakubali, lakini kuna jambo jengine linalosahauliwa: wana pahala. Ala zao zina pa kulala, mwanafunzi anajua mlango wa kugonga, mzee anajua atamkuta nani. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi kilipofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002 kilifungulia njia vijana wengi wa Unguja. Mtoto wa Konde anayetaka kujifunza ganuni, ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, lazima avuke bahari, apate pa kukaa na pa kula. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu wetu atacheza wapi hapa kwao?

Mtanijibu kwamba dunia imebadilika, kila kijana ana simu, na hata tukifungua mlango hatakuja mtu. Nimelifikiria sana hili, kwa sababu nami niliwahi kulisema. Lakini nendeni usiku wowote pale penye taa ya barabarani karibu na soko mtawaona, ishirini, thelathini, wamesimama wima mpaka saa tano. Wana simu mkononi na bado wametoka nyumbani kutafuta watu. Hawana pa kukaa. Anayewafuata pale kwa hamu kubwa kuliko sote ni muuza unga, na yeye hajawahi kuwaomba barua ya utambulisho. Sensa ya 2012 ilihesabu Pemba watu 406,848. Ya 2022 ikahesabu 543,441. Tumeongezeka zaidi ya watu 136,000 katika miaka kumi, wengi wao watoto na vijana, na katika miaka hiyo hiyo mji wetu umepoteza ukumbi na nusu ya uwanja.

Na sisi tuna letu. Uongozi wa klabu tuliukalia muda mrefu mno. Vijana walipotaka kuleta kinanda cha umeme tuliwaambia si taarabu, wakaondoka na kinanda chao. Akina mama tuliwapa siku mbili tu kwa wiki na hatukuwahi kuwa na mwanamke katika kamati. Kosa hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wao wametuonyesha nini kilichowezekana.

Wamama waliofungiwa klabu pamoja na sisi wamehamia kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Mke wangu yumo katika kimoja. Wanakutana Jumapili chini ya mwembe, watu ishirini na tano, CCM wamo na ACT wamo. Mali yao yote iko ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku liko kwa mtu wa nne. Halifunguki mpaka wote wafike. Nimekaa nao nikatazama wanavyofungua: wa kwanza anapiga magoti, anazungusha ufunguo wake, anasogea, anapisha wa pili. Hakuna anayeharakisha. Katika miaka yote ile ya maneno mabaya mjini, kikundi hiki hakikuvunjika, na fedha ya mtu haikupotea.

Hapo ndipo nilipolipata ninalokuombeni. Tieni kufuli tatu kwenye mlango wa klabu. Ufunguo mmoja akae nao Sheha, mkuu wa Serikali katika shehia yetu, ili Serikali iwe na hakika hakuna linalofanyika gizani. Wa pili wakae nao wazee wa klabu, na uwe unabadilisha mkono kila mwaka kati ya watu wa mirengo miwili. Wa tatu wapewe vijana na akina mama, wenyewe watajua namna ya kupokezana. Kwa kuwa funguo ni tatu hakuna chama kitakachosema nyumba ni yake, na hakuna ofisi itakayokuwa na sababu ya kuifunga peke yake. Kama hofu iliyoleta kufuli lile moja ilikuwa ya kweli, na sikatai kwamba siku zile ilikuwa ya kweli, hii ni dawa yake.

Kabla ya hapo lakini lazima jengo na uwanja vipimwe na viandikwe kwa jina la klabu, kwa masharti kwamba havitauzwa wala kukodishwa kwa shughuli nyengine. Bila ya karatasi hiyo tutapaka chokaa tena na atakuja mwengine na kufuli jipya. Hili halihitaji bajeti ya uwanja. Linahitaji mpima ardhi siku mbili na saini. Nawaomba mlifanye kwa klabu zote za shamba ambazo nyumba zao zipo, Kengeja, Micheweni, Makunduchi, pahala popote, maana sidhani kama kisa chetu ni cha peke yetu.

Mengine ni madogo. Usajili wa klabu umalizike wilayani, kwa sababu mara ya mwisho nilipoteza siku tatu na nauli ya mfukoni kufuata muhuri, nikaambiwa aliyenao amesafiri. Na kama mwalimu mmoja wa muziki anaweza kuletwa Pemba mara moja kwa mwezi, akalala hapa usiku mmoja, sisi tutamlisha na tutampa pa kulala.

Fedha ya kuendeshea hatuombi. Mikarafuu ipo. Nimeshazungumza na wanachama 23 waliobaki, wamekubali kurudi kwenye pishi. Yule kijana wa viatu vya beki wa kushoto, ambaye sasa ana duka Dar es Salaam, ameniambia atatoa bati. Mtoto wa mpiga fidla anayo fidla ya baba yake, nzima, ndani ya mfuko wake. Mpiga udi bado yupo. Haoni tena, lakini ukimsalimu anakutambua kwa sauti.

Naomba aje mwenyewe mmoja wenu. Mkipanda gari ya Konde kutoka Chake asubuhi mtafika mapema, lakini njooni baada ya alasiri, ndipo wazee hukutana. Siku hizi tunakaa kwenye gogo la mnazi mbele ya klabu, karibu na mlango. Ulizeni sokoni nyumba ya katibu, mtoto yeyote atakuleteni. Nitakuwa na daftari. Njooni na mwenye ufunguo.

Wenu mtiifu,

Katibu wa klabu, mwalimu mstaafu
Kaskazini Pemba